Modeli ya msitu kwa daftari na Excel: namna ya kujua nani atachukua nafasi ya mti ukifa

Watu wengi wakisikia modeli ya msitu wanawaza kompyuta kubwa na programu za kulipia, kumbe ya kwanza ya maana unaweza kuitengeneza na daftari, tepu ya kupimia na Excel ya kwenye laptopu ya kuazima. Swali lenyewe ni moja tu: huu mti mkubwa hapa ukianguka, nani anachukua nafasi yake? Ni kama siti ya daladala, anayeshuka akiinuka siti haipati aliyeko kituo kinachofuata, inampata aliyekuwa amesimama pembeni yake. Kwa hiyo ukitaka kujua msitu wa miaka 50 ijayo utakuwaje usiangalie juu peke yake, inama uangalie nani kasimama chini ya nani.

Mfano nitautoa Amani, Usambara Mashariki, kwa sababu pale kuna kesi nzuri sana ya msitu unaobadilika. Wajerumani walileta mti wa Maesopsis eminii (Uganda wanaiita musizi) mwanzoni mwa karne iliyopita wakiwa na kile kituo chao cha utafiti kilichoanza 1902, baadaye miti mikubwa ya asili ikakatwa kwa mashine kuanzia miaka ya 1960 mpaka 1980 na kitu, msitu ukafunguka, na Maesopsis inapenda jua kuliko kitu chochote basi ikapata uwanja. Hondohondo wanakula matunda yake wanaenda kudondosha mbegu mbali huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wakaanza kuonya kwamba huu mti unaweza kuja kuutawala msitu wote. Je ni kweli? Hilo ndilo swali la modeli, na tutalirudia huko chini.

Hatua ya 1: andika swali kabla hujapanda gari

Usiende msituni kwa lengo la "kuchukua data". Andika swali kwa sentensi moja, mfano: ndani ya miaka 50 hadi 100 Maesopsis itaongezeka au itapungua kwenye eneo lililowahi kukatwa? Hilo linakwambia mambo matatu papo hapo: unapima wapi (lililokatwa, na lingine ambalo halikukatwa la kulinganisha), aina zipi lazima uzijue vizuri, na hatua ya muda iwe miaka mingapi. Miaka 10 ni saizi nzuri kwa misitu yetu. Ukichagua mwaka mmoja mabadiliko ni madogo mno mpaka makosa ya kupima yanayazidi, ukichagua 50 unajikuta mengi yametokea katikati hukuyaona.

Hatua ya 2: kibali, mwenyeji, na ishu ya panga

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia toka 1997 na iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), huingii na tepu yako hivihivi, omba kibali mapema maana barua zinachukua muda wake. Halafu tafuta mzee au kijana wa pale anayeijua miti kwa jina la Kisambaa, hata kama una digrii yako. Miti ya Usambara ni mingi mno na miche haifanani na wazazi wake, jani la mche wa miaka miwili linaweza kuwa kubwa mara mbili ya jani la mti mzima. Kila jina analokutajia chukua jani au tawi dogo, bandika namba, lihifadhi kwenye gazeti, ukifika mjini unalinganisha na sampuli za mimea zilizokaushwa. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba aina mbili za mti, na wakati mwingine mti mmoja una majina mawili kulingana na kijiji.

Sasa panga. Kijana anayefungua njia mbele yako anakata nini? Anakata miche! Yaani kile kitu hasa ulichokuja kukihesabu. Kabla ya kuanza kubalianeni kwamba njia inapita nje ya ploti, na ndani ya ploti watu wanainama, wanapinda matawi, hawakati. Hili dogo linaharibu data nyingi kuliko fomula mbovu, afu hakuna atakayegundua kwa sababu mche uliokatwa hauonekani kwenye daftari.

Hatua ya 3: ploti

Ploti, yaani kipande cha msitu unachokipima, ya mita 20 kwa 50 inatosha kuanza, hiyo ni sehemu ya kumi ya hekta. Waliowahi kufanya sensa ya taifa ya misitu wamezoea ploti ya duara, mduara ndani ya mduara mpaka rediasi ya mita 15, nayo ni sawa, ila kwa kazi hii mimi napendelea mstatili kwa kuwa unaweza kuugawa viboksi vya mita 10 kwa 10 na kumuweka mtu kwenye kila kiboksi.

Usambara kuna miteremko, na hapa ndipo watu wanapochapia. Mita 20 za ramani ni za usawa, sio za kutembea. Kwenye mteremko wa digrii 30 inabidi tepu yako isome kama mita 23.1 ili upate mita 20 za kweli (unagawa 20 kwa kosaini ya 30 ambayo ni 0.866). Usipofanya hivyo ploti zako za kwenye mteremko zinakuwa ndogo kuliko za bondeni, baadaye unaandika kwamba mteremkoni miti ni michache na unaanza kutafuta sababu za udongo, kumbe ni tepu.

Ploti ziwe ngapi? Nyingi kadri ya hela yako, ila zipangwe bila upendeleo. Ukichagua penye miti mizuri mizuri utapata msitu mzuri mzuri. Chora gridi kwenye ramani nyumbani, chukua namba za bahati nasibu, ingiza kwenye GPS, na pale inapokupeleka ndipo hapohapo hata kama kuna upupu.

Hatua ya 4: miti mikubwa

Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 kwenda juu unapimwa kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini, na mteremkoni unasimama upande wa juu. Kama huna tepu ya kipenyo zungusha tepu ya kawaida, gawa mzunguko kwa 3.14, mzunguko wa sm 94 ni kipenyo cha sm 30 hivi. Miti kama mnyasa na mtambara ikiwa mikubwa shina linatanuka chini kama mbawa, hapo usipime kwa mita 1.3, panda juu ya mbawa zinapoishia, pima hapo na uandike ni urefu gani, maana mwenzako akija baada ya miaka 5 akapima chini mti utaonekana umenenepa ghafla.

Andika pia kama kichwa cha mti kimefika kwenye paa la msitu au kimefunikwa na wengine. Ni herufi moja tu kwenye fomu lakini bila hiyo modeli haiendi, sababu siti tunazozigombania ni za paani.

Hatua ya 5: nani kasimama chini ya nani

Hapa ndipo moyo wa kazi yote ulipo, kwa hiyo usiharakishe, ikiwezekana siku ya hatua hii isiwe ileile ya kupima miti mikubwa watu wakiwa wamechoka.

Kwa kila mche unaouhesabu unaandika vitu viwili, ni aina gani, na mti gani wa paani uko juu yake. Cha pili ndicho kinasumbua, ukiangalia juu kila kitu ni kijani tu. Chukua kipande kifupi cha bomba la PVC, funga nyuzi mbili ziwe msalaba mdomoni mwake, simama kwenye mche, lishike bomba wima kabisa uangalie juu, pale msalaba unapogonga ndiyo kichwa cha mti unachokiandika. Ukigonga mbingu andika "uwazi", nayo ni jibu.

Sasa mche ni upi? Hapa watu wanatofautiana, ila msimamo wangu ni kwamba usihesabu vile vichipukizi vya chini ya goti. Ukipita chini ya Maesopsis wakati wake utakuta vichipukizi kibao, vimejaa, ukivihesabu matriksi yako (jedwali la nani anarithi siti ya nani) itasema Maesopsis anajirithi mwenyewe milele. Shida ni kwamba vingi vyake vinakufa kwenye kivuli kabla havijafika popote. Chukua miche iliyozidi mita 1.3 na kipenyo chini ya sm 10, hiyo imeshavuka mtihani. Kama una nguvu ya kuhesabu na vidogo hesabu, lakini kwa kolamu yake tofauti, usichanganye.

Kitu kingine, kuna miti ambayo maisha yake yote ni ya chini, ikizeeka sana ina mita 8 au 10 basi. Miche yake imejaa kila mahali lakini haitakuja kukaa paani hata ungeipa miaka 200. Itoe kwenye hesabu ya warithi. Mwenyeji wako atakwambia, muulize tu "huu ukikua unafika wapi?"

Na andika mazingira pembeni. Watu wanaokota mbegu za mti wa msambu pale kwa ajili ya mafuta? Matunda ya msambu ni makubwa, yanaanguka chini ya mama yake, panya buku wanayabeba. Kama mbegu zinaokotwa karibu na njia na haziokotwi huko ndani, miche ya msambu itatofautiana kwa sababu ambayo haina uhusiano na kivuli, na usipoandika leo mwakani hutakumbuka.

Hatua ya 6: punguza aina ziwe makundi

Huwezi kufanya matriksi ya aina 100, kila kisanduku kitakuwa na mche mmoja au sifuri. Tengeneza makundi manne mpaka sita. Kwa Amani mimi ningeweka Maesopsis peke yake, miti tangulizi ya asili (ile inayowahi kuota penye uwazi) kama Macaranga na Harungana kundi moja, msambu peke yake na mtambara peke yake kama ipo ya kutosha, na miti mingine yote ya paani kundi moja.

Kuhusu wingi wa miche, hesabu ya haraka. Kama chini ya kundi fulani umepata miche 30 tu na mitatu ni ya msambu, unasema asilimia 10, ila kosa la kadirio hilo ni kama asilimia 5.5, ukizidisha mara mbili upande huu na upande huu maana yake ukweli unaweza kuwa popote kati ya karibu sifuri na 21. Ukiwa na miche 300 na 30 ya msambu ni asilimia 10 ileile lakini sasa unaongelea 7 mpaka 13. (Fomula: kipeuo cha pili cha p × (1 − p) ÷ n, p ni sehemu uliyopata, hapa 0.10, na n ni idadi ya miche.) Kwa hiyo ukiona kundi lina miche michache liunganishe na lingine, au ongeza ploti.

Hatua ya 7: fanya mazoezi na namba za mtu mwingine

Kabla hujaingiza namba zako jaribu na zile ambazo jibu lake linajulikana, ili ukikosea ujue ni fomula sio msitu. Zilizozoeleka ni za Henry Horn, alihesabu miti kwenye msitu wa Princeton, New Jersey, Marekani, katikati ya miaka ya 1970. Makundi yake manne ni Betula, Nyssa, Acer na Fagus (majina ya kisayansi ya miti ya kule), na hatua ya muda ni miaka 50. Fungua Excel, kuanzia B2 mpaka E5 andika hivi, kila mstari ni mti uliopo leo na kolamu ni nani atakuwa pale baada ya miaka 50:

Betula: 0.05, 0.36, 0.50, 0.09
Nyssa: 0.01, 0.57, 0.25, 0.17
Acer: 0.00, 0.14, 0.55, 0.31
Fagus: 0.00, 0.01, 0.03, 0.96

Kila mstari lazima ujumlishe 1, weka SUM pembeni uhakikishe. Soma mstari wa kwanza kwa sauti: palipo na Betula leo, baada ya miaka 50 kuna nafasi ya asilimia 5 tu kwamba patakuwa na Betula, asilimia 50 patakuwa na Acer. Ule wa mwisho unatisha, Fagus haachii siti, 0.96.

Sasa B8 mpaka E8 andika 100, 0, 0, 0, yaani msitu mchanga wa Betula tupu. Kwenye B9 weka =MMULT(B8:E8,$B$2:$E$5), hiyo ni fomula ya kuzidisha matriksi. Excel mpya itajaza yenyewe mpaka E9, ya zamani inabidi uchague B9 hadi E9 kwanza, uandike fomula halafu Ctrl+Shift+Enter. Zile dola usizisahau, bila dola ukivuta chini matriksi inateleza na wewe na unapata upuuzi. Vuta chini mistari 20.

Ukiwa sawa utaona hivi: miaka 50 ni 5, 36, 50, 9. Miaka 100 ni karibu 1, 29, 39, 31. Miaka 150 Fagus yuko 47, miaka 200 yuko 58. Ukiendelea kushuka namba zinaacha kusogea, Fagus anatulia kwenye 86 hivi, Acer 8 au 9, Nyssa 5, na Betula ameisha kabisa. Badilisha mstari wa 8 uanze na Fagus 100 au 25 kila mmoja, utafika palepale. Hicho ndicho kinachowashangaza watu mara ya kwanza, mwisho wa safari hautegemei ulikoanzia, unategemea matriksi tu.

Angalia pia Nyssa na Acer katikati hapo: wanapanda, wanafika kilele miaka 50, halafu wanashuka. Mtu aliyetembelea ule msitu mwaka wa 50 angeapa kwamba Acer ndiye mfalme.

Hatua ya 8: matriksi yako mwenyewe

Hesabu zako za miche hazijawa matriksi bado. Zinakwambia mti ukifa nani anarithi, hazijakwambia miti mingapi inakufa. Horn alifanya yake ikajumuisha na miti inayobaki hai, wewe pia inabidi.

Chukua kiwango cha vifo kwa mwaka. Misitu ya tropiki ambayo haijaguswa mara nyingi iko kwenye asilimia 1 mpaka 2 ya miti kwa mwaka, kwa hiyo ukiwa huna chako azima 1.5 kwa kuanzia. Kwa miaka 10 inakuwa 0.985 mara yenyewe mara kumi, unapata 0.86. Maana yake kwenye miti 100, 86 bado imesimama na 14 imeacha siti.

Namba zinazofuata ni za kubuni, kuonyesha hesabu tu. Tuseme chini ya Maesopsis umepata miche 200: 20 ya Maesopsis, 60 msambu, 40 mtambara, 80 mingineyo ya paani. Mgao wa warithi ni 0.10, 0.30, 0.20, 0.40. Mstari wa Maesopsis kwenye matriksi unakuwa:

Maesopsis kwenda Maesopsis: 0.86 + 0.14 × 0.10 = 0.874
kwenda msambu: 0.14 × 0.30 = 0.042
kwenda mtambara: 0.14 × 0.20 = 0.028
kwenda mingineyo: 0.14 × 0.40 = 0.056

Jumla 1. Rudia kwa kila kundi, na ukiweza kila kundi lipe kiwango chake cha vifo, maana mti tangulizi wa mbao laini haufi kwa kasi moja na mtambara. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, mti unaoishi muda mrefu unaweza kuwa na miche michache na bado ukajaa paani kwa sababu ukishakaa haushuki.

Ingiza, vuta chini, chora grafu ya mistari. Imeisha? Hapana.

Hatua ya 9: tafuta pale inapodanganya

Matriksi inadhani leo na kesho ni sawa. Horn alitabiri Fagus 86, na kwenye misitu mikongwe ya kule Fagus kweli ndiye aliyejaa, kwa hiyo modeli ilipiga vizuri tu. Lakini kuna mdudu mdogo anayenyonya gome la Fagus, aliingia Nova Scotia, Canada, karibu 1890, anafuatana na fangasi, na mpaka leo ugonjwa wa gome unaendelea kuua Fagus huko mashariki. Mwaka 2012 ukaonekana ugonjwa mwingine wa majani kule Ohio. Ile 0.96 haijui habari hizo. Matriksi haikukosea hesabu, ilijibu swali la "mambo yakibaki hivi" na mambo hayakubaki.

Rudi Amani sasa. Miaka ya 1980 ukiangalia sehemu zilizokatwa, Maesopsis ilikuwa inapanda kwa kasi, na mtu aliyevuta ule mstari moja kwa moja kwenda mbele angeona msitu wote umekwisha. Tafiti zilizofuata zikakuta miche ya asili inaota chini ya Maesopsis, wakati yenyewe haikui vizuri kwenye kivuli chake. Ukiweka hilo kwenye matriksi, Maesopsis inafanya kama Acer wa Princeton, inapanda halafu inaachia. Ila angalizo kubwa: hiyo ni kama paa linabaki limefungwa. Watu wakiendelea kukata nguzo, upepo ukiangusha miti, njia zikifunguliwa, uwazi mpya unazaliwa na hondohondo hawajaacha kazi. Kwa hiyo usifanye matriksi moja, fanya mbili. Ya kwanza kwa miche iliyo chini ya vivuli, ya pili kwa miche uliyoikuta kwenye uwazi (ile uliyoandika "uwazi" na bomba la PVC). Kisha unachanganya, mfano kila miaka 10 asilimia fulani ya vifo warithi wake wanatoka kwenye matriksi ya uwazi. Badilisha hiyo asilimia kutoka sifuri kwenda juu uone Maesopsis inaanza kubaki wapi. Kwangu mimi hilo ndilo jibu lenye faida kwa meneja wa hifadhi, kwamba ukiruhusu uwazi uzidi kiasi hiki huu mti hautoki. Asilimia tupu ya mwaka 2100 haimsaidii kitu.

Ugawe pia data zako kabla ya kujisifu. Tengeneza matriksi kwa ploti za msitu mchanga, itabiri msitu wa zamani, halafu linganisha na ploti zako za eneo lisilokatwa. Zikipishana sana tafuta kwa nini kabla mtu mwingine hajakuuliza.

Hatua ya 10: ingiza bahati

MMULT inakupa wastani, lakini msitu mdogo wa hekta moja hauishi kwa wastani. Kwenye karatasi mpya ya Excel weka visanduku 100, kila kimoja ni mti mmoja wa paani. Kwa kila hatua ya miaka 10 piga =RAND() (inatoa namba ya bahati kati ya 0 na 1), ikitoka chini ya 0.14 mti umekufa. Piga RAND nyingine kuchagua mrithi: kwa mfano wetu wa juu chini ya 0.10 ni Maesopsis, mpaka 0.40 msambu, mpaka 0.60 mtambara, zaidi ya hapo mingineyo. Bonyeza F9 uone namba zinavyoruka. Fanya mara 200 (hapa R, programu ya takwimu, inakuokoa vidole) na utoe taarifa ya kati ya hapa na hapa, sio namba moja.

Ukitaka kwenda mbele zaidi kuna modeli zinazofuata kila mti peke yake, ya mwanzo kabisa iliyojulikana ni JABOWA ya Botkin, Janak na Wallis, 1972, iliyotengenezwa kwa msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire. Ploti ya mita 10 kwa 10, kila mwaka kila mti unakua kulingana na mwanga unaoupata, unakufa kwa bahati, na mipya inaingia. Vifo wanavikadiria kirahisi, 4 gawa kwa umri mkubwa wa aina hiyo, mti wa kuishi miaka 200 unakuwa na nafasi ya asilimia 2 kufa kila mwaka. Shida kwetu ni umri wenyewe, miti mingi ya misitu yetu ya mvua haina pete za kuaminika za mwaka, kwa hiyo hapo usikimbilie, bora matriksi nzuri kuliko modeli kubwa yenye namba za kubahatisha.

Hatua ya 11: weka vibati, rudi

Kila mti uliopima uwe na kibati cha alumini chenye namba. Pigilia msumari sentimita 30 juu ya pale ulipopimia ili uvimbe wa jeraha usiingie kwenye kipimo cha baadaye, na acha kipande cha msumari nje, mti ukinenepa usije ukameza kibati. Pale ulipopima piga mstari wa rangi. Koordineti za kona za ploti, majina, fomu zilizopigwa picha, vyote weka sehemu mbili tofauti, moja isiwe simu yako. Kule Barro Colorado, Panama, wana ploti ya hekta 50 wanaipima upya kila miaka mitano toka miaka ya 1980, kila shina kuanzia sm 1, na nguvu yake yote iko kwenye huko kurudi.

Ukirudi wewe baada ya miaka 5 anza na waliokufa. Tuseme ulikuwa na miti 400 na umekuta 368 hai: gawa 368 kwa 400 unapata 0.92, chukua kipeo cha 1/5, toa kwenye 1, unapata 0.0165, yaani asilimia 1.65 kwa mwaka. Hiyo ndiyo unaiweka mahali pa ile 1.5 ya kuazima, halafu unavuta fomula chini upya.